Bomba Linaporuka: Msuguano na Pigo la Maji Katika Mabomba ya Bustani



Leo tuache kidogo habari za mikorosho na ubwiriunga, tuzungumzie bomba. Najua wengine wenu mtasema bomba ni kazi ya fundi, si kazi ya bwana shamba. Hata mimi nilikuwa nafikiri hivyo, mpaka kikundi kimoja cha bustani upande wa Ruangwa kilipopoteza miche yake kwa ushauri wangu mwenyewe. Basi sikiliza kwanza habari yenyewe, halafu tutafute sababu yake.

Kikundi hicho kina watu 14, wengi wao akina mama. Wana kisima chenye pampu ya jua, na juu ya mwinuko wana tangi la lita 5,000. Kutoka kwenye tangi bomba linateremka mita 300 mpaka bondeni, kwenye nyanya, bamia na kitalu cha miche ya mikorosho. Tofauti ya kimo kati ya tangi na bustani ni mita 18. Mwaka wa kwanza kipande cha juu, kama mita 100, kilikuwa bomba la chuma lililonunuliwa kwenye vyuma chakavu, kutu tele ndani. Kipande cha chini kilikuwa plastiki ngumu yenye uwazi wa milimita 40. Maji yalikuja polepole. Ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 20. Koki ya chini ilikuwa ile ya gurudumu, unazungusha mara nyingi ndipo inafunga.

Korosho zilipouzwa wakaniita. Wana fedha kidogo, wafanye nini? Nikawaambia mambo matatu. La kwanza, toeni lile chuma la kutu, wekeni plastiki mpaka juu. La pili, koki yenu inavuja, nunueni ya mkono, ile unayogeuza robo tu ikafunga. La tatu, msilifukie bomba, liacheni juu ya ardhi ili likivuja mlione. (Hilo la tatu, kusema kweli, lilitokana pia na kutopenda kuwaona wakichimba mita 300 kwenye kiangazi.) Wakafanya yote. Ndoo sasa ikajaa kwa sekunde 11, tukapiga makofi.

Siku ya tisa, jioni, kijana mmoja alimaliza kumwagilia akafunga koki mara moja, kama mtu yeyote angefanya. Kikasikika kishindo. Asubuhi walikuta bomba limeruka kutoka juu ya jiwe lililokuwa limelibeba, na elbo, yaani kiwiko cha bomba mahali linapopinda, imepasuka kama mita 40 juu ya bustani. Tangi lilikuwa limekauka. Elbo nyingine ilichukua siku tano kupatikana mjini. Ilikuwa mwezi wa tisa, na wewe unalijua jua la mwezi wa tisa la Ruangwa. Kwa ndoo za kichwani waliokoa matuta machache. Miche mingi ikaenda.

Mama mmoja, mwenyekiti wa kikundi, hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, kumbe lile bomba la kutu lilikuwa linailinda elbo yetu." Wenzake wakacheka. Mimi nilikwenda nalo nyumbani, kwa sababu mama yule alikuwa amesema jambo la kweli kuliko alivyodhani.

Sasa tulichunguze. Kila mita moja ya bomba lenye uwazi wa milimita 40 inabeba lita moja na robo ya maji. Mita 300 zinabeba lita 375, yaani kilo 375. Hayo ni karibu magunia manne ya mahindi yaliyopangwa katika mstari mmoja. Koki ikiwa wazi, magunia hayo yanakimbia. Kwa kasi gani? Hapa huhitaji chombo cha maabara, ndoo inatosha. Lita 20 kwa sekunde 11 ni kama lita 1.8 kwa sekunde moja. Gawa kwa lita moja na robo, unapata karibu mita moja na nusu kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Mwaka ule wa kutu, lita 20 kwa sekunde 20, kasi ilikuwa mita 0.8 tu.

Magunia manne yanatembea, halafu mtu anaweka ukuta mbele yao kwa kufumba na kufumbua. Yataishia wapi? Maji ya mbele yanagota kwenye koki, ya nyuma yake yanayagonga ya mbele, na nyuma yao vivyo hivyo. Mgandamizo, ambao vitabu vya shule huuita kanieneo, unapanda ghafula. Habari ya kusimama inasafiri kurudi juu kwenye tangi kama wimbi, kisha inarejea. Hilo ndilo pigo la maji. Mtaalamu mmoja wa Urusi, Nikolai Joukowsky, alilipima mwaka 1897 na 1898 huko Moscow kwa majaribio ya mabomba ya maji ya mji, na kanuni yake inatumika mpaka leo: ukubwa wa pigo unafuata kasi ya maji uliyoyasimamisha na mwendo wa lile wimbi ndani ya bomba. Katika bomba la chuma wimbi huenda kama mita 1,200 kwa sekunde. Katika plastiki ngumu huenda kama mita 400 tu, kwa sababu plastiki hutanuka kidogo ikalipokea pigo. Kwa hesabu ya shambani, kila mita moja ya kasi unayoizima ghafula inazaa pigo sawa na maji ya kimo cha mita 120 ndani ya chuma, na mita 40 ndani ya plastiki ngumu.

Haya, kikundi chetu kilikuwa na kasi ya karibu mita moja na nusu. Pigo likawa karibu mita 60, na bado ule mwinuko wa mita 18 unataka nafasi yake. Bomba lao liliandikwa bari 6, maana yake mita 60. Bomba lenyewe halikupasuka, maana viwanda huacha akiba. Kilichoshindwa ni elbo. Kwa nini elbo?

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Tunazoea kufikiri kwamba maji ni kitu kimoja na bomba ni kitu kingine, bomba limelala tu, maji yanapita. Sivyo. Maji yanalisukuma bomba, bomba likisogea linayasukuma maji, na mchezo huo unaendelea mpaka kitu kichoke. Chukua mpira wa kumwagilia, acha maji yapite, kisha funga koki ya mwisho ghafula huku mpira umelala mchangani. Utauona unastuka. Maji yaliyo ndani yamesimama, lakini mpira umetembea.

Maji hulisogeza bomba kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni kwenye pembe na miisho: elbo, koki, kiungo cha njia tatu. Kwenye bomba lililonyooka mgandamizo husukuma kuta kila upande sawasawa, hakuna anayeshinda. Kwenye elbo hakuna ukuta wa kujibu upande wa pili, basi elbo yote inasukumwa nje. Pigo la karibu mita 60 kwenye bomba la milimita 40 linaisukuma elbo ya pembe mraba kwa nguvu ya karibu kilo 100. Ni kama mtu amebwaga gunia zima juu yake, kisha akalinyanyua, akabwaga tena.

Njia ya pili ni unene. Bomba likijaa mgandamizo hunenepa kidogo, jicho lako halioni. Likinenepa hutaka kufupika, kama nyungunyungu anavyojivuta. Likifupika huvuta elbo zilizoko mwisho wake. Katika bomba la chuma mvuto huo husafiri kwenye ukuta wa bomba kama mita 5,000 kwa sekunde, haraka kuliko wimbi lililo ndani ya maji. Ndiyo maana aliyeegemeza sikio kwenye bomba refu la chuma husikia kitu kidogo kikigonga kabla ya kishindo chenyewe.

Njia ya tatu ni msuguano, na huu ndio nilitaka tuukalie leo. Maji yanayopita huusugua ukuta wa bomba na kuuburuta kuelekea yanakokwenda. Je, ni nguvu kubwa? Tupige hesabu. Katika bomba letu karibu mwinuko wote wa mita 18 ulikuwa unaliwa na msuguano njiani. Ukiugeuza kuwa nguvu ya kuliburuta bomba unapata kilo 22 na ushei, kwa bomba zima la mita 300. Hizo ni gramu 75 hivi kwa kila mita, uzito wa yai kubwa la kuku. Linganisha na kilo 100 mahali pamoja kwenye elbo. Kwa hiyo mtu akikuambia bomba lako limeruka kwa sababu maji yameliburuta, mwambie arudi akapige hesabu. Msuguano wa maji hauna ubavu wa kulirusha bomba.

Lakini usiudharau. Kazi yake iko kwingine, tena iko mahali pawili.

Kwanza, msuguano ndio unaoamua kasi. Maji yanayoteremka kutoka kwenye tangi yangependa kwenda mbio zaidi na zaidi, kinachoyazuia ni kusuguana na ukuta na kusuguana yenyewe kwa yenyewe. Kutu inaongeza msuguano, wembamba unaongeza zaidi. Ukipunguza uwazi wa bomba kuwa nusu na bado ukataka lita zilezile, msuguano unakuwa mara 32 hivi. Lile chuma la kutu lilikuwa limeyashika maji kwenye mita 0.8. Tukalitoa. Tukapata maji mengi, na pamoja nayo tukapata pigo karibu maradufu. Mimi niliona maji tu, pigo sikuliona.

Wala usiseme basi nitaweka bomba pana zaidi, nitakuwa salama. Bomba la milimita 50 lina msuguano mdogo, na ukiliacha wazi kabisa kwenye mwinuko uleule maji yatakimbia zaidi ya mita moja na nusu. Bomba pana linakusaidia kama koki ya chini utaifungua nusu tu, ukapata lita zako 1.8 kwa kasi isiyofika mita moja. Hapo ndipo fedha yako ya bomba pana inapofanya kazi.

Pili, msuguano ndio unaolituliza pigo likishatokea. Wimbi linakwenda tangini na kurudi, du, du, du, na kila safari linapoteza nguvu kidogo. Hata mwisho maji yanatulia. Na msuguano wa maji yanayotikiswa huku na huku ni mkali kuliko wa maji yanayopita kwa utulivu, kwa sababu yale yaliyo karibu na ukuta hugeuka haraka kuliko ya katikati, yakakwaruzana. Tatizo ni kwamba utulizaji huu huja baadaye. Pigo la kwanza, ambalo ndilo kubwa, linafika kwenye elbo kabla msuguano haujapata nafasi ya kulila. Kwenye bomba fupi la bustani usiutegemee.

Kwenye bomba refu sana mambo yanageuka kidogo. Bomba la mafuta la TAZAMA, lililokamilika mwaka 1968 kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola huko Zambia, lina urefu wa kilomita 1,710. Lilipitisha mafuta ghafi kwa miaka mingi na baadaye likabadilishwa lipitishe dizeli. Katika safari hiyo msuguano unakula mgandamizo mpaka inabidi kuweka vituo vya pampu njiani kuusukuma upya. Bomba refu namna hiyo likifungwa ghafula, mgandamizo hauruki mara moja ukaishia hapo. Unaruka, kisha unaendelea kupanda polepole. Sababu ni kwamba mzigo ambao msuguano ulikuwa unaubeba njia nzima unashushwa maji au mafuta yanaposimama, na ya nyuma yanaendelea kujipakia taratibu nyuma ya yale ya mbele. Ndiyo maana mwendeshaji wa bomba refu hafurahi mapema kwa kuona mshale wa geji umesimama baada ya kuruka. Sisi wa mita 300 tunaonja kidogo tu: ule mwinuko wa mita 18 unaorudi juu ya pigo.

Sasa nije kwenye msuguano wa aina nyingine, ambao kwangu ndio wenye faida kwako kuliko yote. Si wa maji na bomba, ni wa bomba na udongo.

Bomba lililolala juu ya mchanga au juu ya mawe halina anayelishika. Elbo ikisukumwa, bomba linasogea, linarudi, linasogea. Kila linaposogea linasugua jiwe. Msuguano huo unakula nguvu ya pigo, ndiyo, na kwa sababu hiyo bomba la juu ya ardhi wakati mwingine hutulia upesi kuliko lililoning'inia. Lakini unakula na bomba pia. Nenda kaangalie bomba lolote lililokaa juu ya mawe misimu miwili, ugeuze upande wa chini. Utaona limekwanguka mahali palepale, jeupe, kama jino. Tena plastiki iliyoachwa juani hukakamaa, ikapoteza ule ulaini wa kupokea pigo.

Bomba lililofukiwa ni habari nyingine. Udongo wa kina cha sentimita 60 unalilalia na kulibana juu na chini. Kwa makadirio yangu, kwa bomba la ukubwa wetu, udongo uliokanyagwa vizuri unaweza kulishika kila mita moja kwa nguvu ya kilo 20 au zaidi. Kwa hiyo mita tano tu za kila upande wa elbo zinaweza kulibeba lile gunia la kilo 100 bila elbo kujua. Bomba haliruki, na kwa kuwa haliruki haliyasukumi maji nayo yakajibu. Mchezo unakatwa mwanzoni. Hili ndilo nililowanyima wale akina mama kwa kuwaambia wasifukie.

Angalia tu, nimesema udongo uliokanyagwa. Ukirudisha mchanga mkavu na mabonge mtaroni ukaondoka, bomba linabaki katika tundu, halijashikwa. Weka kwanza udongo laini usio na mawe, kanyaga, weka tena, mwagia maji kidogo, kanyaga. Usifukie viungo kabla ya kuvijaribu kwa maji siku mbili tatu, ndiyo njia ya kuona uvujaji bila kuliacha bomba juani mwaka mzima. Kwenye elbo, na mahali pa koki, mimina zege upande wa nje wa pembe, liegemee udongo mgumu ambao haujachimbwa. Zege la ndoo mbili linatosha kwa bomba la inchi moja na nusu. Usilifunike zege kote kama keki ukaificha elbo, siku ya kubadilisha utajuta.

Kuna kosa lingine ninaloliona sana Nachingwea. Mtu anafunga bomba kwa waya kwenye nguzo moja, kabisa, halisogei, na kabla na baada ya hapo ameliacha huru mita 50. Bomba linajivuta kutoka pande mbili na kukatikia penye waya. Kama lazima lipite juu, kwa mfano kuvuka korongo, livalishe kipande cha mpira wa tairi la zamani penye kila nguzo. Mpira unalishika kwa msuguano, unaliacha lisogee kidogo, na haulikwanguri.

Nije kwenye koki. Wimbi la bomba letu linakwenda tangini na kurudi kwa sekunde moja na nusu: mita 600 kwa mwendo wa mita 400. Ukifunga ndani ya muda huo, unapata pigo lote. Ukifunga kwa muda mrefu kuliko huo, wimbi linarudi kukupunguzia kazi kabla hujamaliza. Kwa bomba la mita 300 mimi sasa nasema hesabu mpaka 15. Na sehemu ya mwisho ya kufunga iwe ya polepole kuliko mwanzo, kwa sababu koki ikiwa bado wazi robo maji mengi yanapita, kasi inakatika katika kile kipande cha mwisho. Koki ya gurudumu inakulazimisha kuwa mpole. Koki ya mkono inakuachia uamuzi, na kijana aliyechoka jioni hafikirii wimbi.

Wenye pampu ya mashine mnaopandisha maji mlimani, kama ndugu zetu wa uwanda wa Makonde ambao maji yao hupandishwa kutoka bondeni, ninyi pigo lenu linakuja mashine inapozimika. Maji yaliyokuwa yanapanda yanasimama, yanarudi chini, yanaibamiza ile valvu ya kuzuia yasirudi. Punguzeni mwendo wa injini taratibu kabla ya kuzima. Injini ikiishiwa mafuta yenyewe hamtapata nafasi hiyo, basi msingoje iishiwe.

Mwenye kijito kinachotiririka mwaka mzima anaweza hata kulitumia pigo hili. Mwaka 1796 Mfaransa Joseph Michel Montgolfier alitengeneza pampu ambayo haina injini: maji yanateremka, valvu inajifunga yenyewe, pigo linasukuma sehemu ya maji kwenda juu, valvu inafunguka, inaanza upya. Lakini vijito vya namna hiyo kwetu ni vichache, tusikae sana hapo.

Wale akina mama wamerudisha koki ya gurudumu. Bomba wamelifukia, walichimba wenyewe kwa zamu, nami nikashika jembe, ilinipasa. Elbo tatu zina zege. Ndoo inajaa kwa sekunde 14, kwa sababu hawaifungui koki yote. Jioni utamsikia mwenyekiti akihesabu kwa sauti na vijana wakimfuata, moja, mbili, tatu, mpaka 15. Kama na wewe unataka kufukia bomba lako, usingoje mwezi wa tisa kama mimi nilivyongoja. Chimba mwezi wa nne mwishoni au wa tano, mvua zikiwa zimetoka kukatika, udongo bado unakubali jembe.